Papwa Sewgolum

Sewsunker Sewgolum, aliyejulikana zaidi kwa jina la Papwa (alizaliwa Durban karibu na mwaka 1930 – alifariki 1978), alikuwa mchezaji wa gofu ya kulipwa kutoka Afrika Kusini, mwenye asili ya Kihindi. Alishinda Mashindano ya Wazi ya Uholanzi mara tatu, miaka ya 1959, 1960 na 1964. Nyumbani alishinda Mashindano ya Wazi ya Natal mara mbili, mwaka 1963 na 1965.

Anakumbukwa kwa mambo mawili. La kwanza ni namna yake ya kushika fimbo, ambayo ilikuwa kinyume na inavyofundishwa duniani kote. La pili ni tukio la mwaka 1963 mjini Durban, aliposhinda mashindano yaliyojaa Wazungu kisha akakabidhiwa kombe lake nje, kwenye mvua, kwa sababu sheria za ubaguzi wa rangi hazikumruhusu kuingia ndani ya jumba la klabu. Miaka michache baadaye serikali ilimfungia milango ya mashindano, na kazi yake ikaishia hapo.

Asili na utoto

Papwa alizaliwa Riverside, kitongoji cha Durban kilichokuwa kando ya mto Umgeni, katika jimbo la Natal (leo KwaZulu-Natal). Familia yake ilitokana na Wahindi waliofika Afrika Kusini baada ya mwaka 1860, wakati serikali ya kikoloni ya Uingereza ilipoanza kuleta vibarua wa mkataba kutoka India ili wafanye kazi katika mashamba ya miwa. Mikataba yao ilipokwisha, wengi walibaki Natal wakawa wakulima wadogo wa mboga, wavuvi, wafanyakazi wa viwandani na watumishi wa majumbani. Wengine walifika baadaye kwa gharama zao wakawa wafanyabiashara. Mahatma Gandhi alifika Durban mwaka 1893 akiwa mwanasheria wa mmoja wa wafanyabiashara hao.

Familia ya Papwa haikuwa ya wafanyabiashara, ilikuwa ya watu maskini. Mtoto huyo hakupata elimu ya shule, na tangu mdogo alilazimika kutafuta riziki. Karibu na kwao palikuwa na kiwanja cha gofu cha klabu ya Beachwood, klabu ya Wazungu. Kazi ambayo mtoto wa Kihindi au wa Kiafrika angeweza kuipata pale ilikuwa moja tu: kuwa kedi.

Kazi ya ukedi

Kedi ni mtu anayembebea mchezaji wa gofu mfuko wa fimbo zake, anayetazama mpira ulikoangukia, na mara nyingi anayemshauri atumie fimbo ipi. Katika makoloni mengi ya Kiingereza, yakiwemo ya Afrika Mashariki, viwanja vya gofu vilijengwa kwa ajili ya Wazungu, na wenyeji waliingia kama makedi na wakata nyasi. Hata hivyo kazi hiyo ilikuwa shule ya aina yake. Kedi mwerevu huona mamia ya mipigo kila wiki, mizuri na mibaya. Hujifunza upepo unavyosukuma mpira, nyasi zinavyoukawiza na mteremko unavyoupeleka. Ndiyo maana katika nchi nyingi, Kenya na Tanzania zikiwa miongoni mwao, wachezaji wengi wa gofu ya kulipwa walianza maisha yao ya uwanjani wakiwa makedi.

Papwa alijifunza kwa njia hiyo. Hakuwa na mwalimu, bali aliwatazama waliokuwa wakicheza, kisha akajaribu mwenyewe. Matokeo yake yalikuwa mtindo ambao mwalimu yeyote wa gofu angemkataza.

Mshiko wa kinyume

Mchezaji anayetumia mkono wa kulia hufundishwa kushika fimbo kwa kuweka mkono wa kushoto juu, karibu na mwisho wa mpini, na mkono wa kulia chini yake. Papwa alifanya kinyume: mkono wake wa kulia ulikuwa juu na wa kushoto chini, ingawa alipiga mpira kutoka upande uleule ambao hutumiwa na wachezaji wa mkono wa kulia.

Mshiko huo ni mgumu. Unapotumiwa kupiga mpira mbali, mikono inaweza kupishana vibaya na kupunguza nguvu. Wanaoanza kucheza peke yao bila mwalimu huushika hivyo mara nyingi, lakini wakifundishwa huuacha. Papwa hakuuacha. Kwa mshiko huo alipiga mipira mirefu na iliyonyooka, na alisifiwa hasa kwa utulivu wake wa kuusukuma mpira shimoni kwenye nyasi fupi. Watu waliomwona kwa mara ya kwanza walidhani anatania, hadi walipohesabu mikwaju yake.

Kuhesabu mikwaju ndio msingi wa mchezo wenyewe. Uwanja kamili wa gofu una mashimo 18. Mchezaji huanza kila shimo kwa kupiga mpira kutoka mahali palipowekwa, na huendelea hadi mpira uingie shimoni. Kila mpigo huhesabiwa. Mashindano makubwa huchezwa kwa kawaida raundi nne, yaani mashimo 72 kwa siku kadhaa, na mwenye mikwaju michache ndiye mshindi. Hakuna majaji wanaotoa alama kwa uzuri wa mtindo. Kwa mchezaji kama Papwa jambo hili lilikuwa na maana kubwa, kwa kuwa matokeo yake hayakutegemea maoni ya mtu.

Gofu chini ya ubaguzi wa rangi

Papwa alikuwa kijana wakati chama cha National kiliposhinda uchaguzi wa Wazungu mwaka 1948 na kuanza kujenga mfumo wa ubaguzi wa rangi ulioitwa apartheid. Ubaguzi ulikuwepo tangu zamani, lakini sasa uligeuzwa kuwa sheria moja baada ya nyingine. Mwaka 1950 ilipitishwa sheria ya kuandikisha kila mtu kwa rangi yake, pamoja na sheria ya maeneo ya makazi iliyogawa miji kwa rangi. Mwaka 1953 ikaja sheria ya kutenganisha huduma za umma, kuanzia mabenchi na vyoo hadi fukwe za bahari. Mjini Durban maelfu ya familia za Kihindi zilihamishwa kutoka mahali zilipoishi kwa miaka mingi na kupelekwa katika mitaa mipya kama Chatsworth.

Katika michezo hapakuwa na sheria moja iliyosema waziwazi kwamba watu wa rangi tofauti wasicheze pamoja. Haikuhitajika. Sheria za maeneo, za vibali na za vileo zilitosha. Uwanja ukiwa katika eneo la Wazungu, mtu asiye Mzungu alihitaji kibali ili autumie kwa namna nyingine yoyote isiyo ya utumishi. Jumba la klabu, ambalo ndani yake kuna vyumba vya kubadilishia nguo, mgahawa na baa, lilikuwa jambo jingine tena. Hivyo Mhindi aliweza kuingia Beachwood kila siku ya maisha yake akiwa na mfuko wa Mzungu begani, lakini hakuweza kuingia akiwa na mfuko wake mwenyewe.

Wachezaji wa gofu wasio Wazungu waliunda vyama vyao na kuandaa mashindano yao, mara nyingi kwenye viwanja duni au kwa siku chache ambazo klabu za Wazungu ziliwaruhusu. Papwa aling'ara katika mashindano hayo tangu akiwa na umri mdogo. Lakini zawadi zilikuwa ndogo, na hapakuwa na njia ya kutoka hapo kwenda kwenye mashindano makubwa ya nchi.

Ikumbukwe kwamba ubaguzi katika gofu haukuwa wa Afrika Kusini peke yake. Nchini Marekani chama cha wachezaji wa gofu ya kulipwa kilikuwa na kifungu katika katiba yake kilichoruhusu wanachama Wazungu tu, na kifungu hicho kiliondolewa mwaka 1961. Tofauti ni kwamba huko mlango ulikuwa unaanza kufunguliwa, wakati Afrika Kusini ulikuwa unakazwa.

Safari ya Ulaya na ushindi wa Uholanzi

Mtu aliyebadilisha maisha ya Papwa alikuwa Graham Wulff, mkemia Mzungu wa Durban aliyebuni mafuta ya ngozi yaliyokuja kujulikana duniani kwa jina la Oil of Olay. Wulff alikuwa mwajiri wake na alikiona kipaji chake. Aliona pia kwamba kipaji hicho hakitapata nafasi nyumbani, na kwamba njia ya kukipima ni kumtoa nje ya nchi. Mwaka 1959 alimsaidia kwenda Ulaya.

Katika safari hiyo Papwa alishiriki Mashindano ya Wazi ya Uholanzi. Neno wazi katika gofu lina maana maalumu: ni mashindano yanayowapokea wachezaji wa kulipwa na wa ridhaa pamoja, bila kujali klabu wala nchi wanayotoka, mradi wawe na kiwango. Mashindano ya Uholanzi yalianza mwaka 1912 na ni miongoni mwa mashindano ya zamani katika bara la Ulaya. Kedi huyo wa zamani kutoka Durban, asiyejulikana na mtu huko, aliyeshika fimbo kwa mikono iliyopishana, akayashinda.

Mwaka uliofuata alirudi na kushinda tena. Mwaka 1964 akashinda kwa mara ya tatu. Ili kupima uzito wa jambo hilo, inafaa kukumbuka kwamba Mhispania Seve Ballesteros, mmoja wa wachezaji wakubwa kabisa katika historia ya gofu ya Ulaya, naye alishinda mashindano hayo mara tatu, mwaka 1976, 1980 na 1986.

Mwaka huohuo wa 1959 kijana mwingine wa Afrika Kusini alishinda Mashindano ya Wazi ya Uingereza katika uwanja wa Muirfield, Uskoti. Huyo alikuwa Gary Player, Mzungu aliyezaliwa Johannesburg mwaka 1935. Hivyo mwaka mmoja nchi moja ilitoa washindi wawili barani Ulaya. Player alikuwa huru kucheza katika uwanja wowote wa nchi yake. Papwa alirudi nyumbani ambako kila uwanja wenye hadhi ulihitaji kibali.

Natal 1963

Ushindi wa Ulaya ulifanya iwe vigumu kumkatalia Papwa kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alipata nafasi ya kucheza katika baadhi ya mashindano makubwa ya Afrika Kusini, kila mara kwa kibali maalumu. Kibali kilimruhusu kucheza, lakini hakikumruhusu kula pamoja na wenzake wala kubadilisha nguo ndani ya jumba la klabu.

Mwaka 1963 Mashindano ya Wazi ya Natal yalifanyika katika uwanja wa Durban Country Club, mojawapo ya viwanja maarufu zaidi barani Afrika, katika mji ambao Papwa alizaliwa. Miongoni mwa wapinzani wake alikuwemo Harold Henning, mchezaji wa kiwango cha kimataifa ambaye miaka miwili baadaye, akiwa pamoja na Gary Player, aliipatia Afrika Kusini kombe la dunia la timu mjini Madrid. Papwa aliwashinda wote.

Siku ya kukabidhi kombe mvua ilikuwa ikinyesha. Wazungu walikuwa wamejikinga ndani ya jumba la klabu, ambamo mshindi hakuruhusiwa kuingia. Papwa alikabidhiwa kombe lake nje, kwenye mvua.

Picha ya tukio hilo ilichapishwa katika magazeti ya nchi nyingi. Wakati huo Afrika Kusini haikuwa na televisheni, kwani ilianza matangazo hayo mwaka 1976 tu, na watu wa nje walijua mambo ya apartheid zaidi kwa kusoma. Sheria za vibali na maeneo zilikuwa ngumu kuelezeka. Picha ya mshindi aliyelowa mbele ya nyumba iliyojaa watu wakavu ilieleweka na kila mtu, hata asiyejua chochote kuhusu gofu. Wanaharakati waliokuwa wakidai Afrika Kusini itengwe katika michezo waliitumia kuwa ushahidi.

Mwaka huohuo Papwa alikaribia kupata ushindi mkubwa zaidi wa nyumbani. Katika Mashindano ya Wazi ya Afrika Kusini, yaliyofanyika pia Durban Country Club, alimaliza wa pili kwa tofauti ya mkwaju mmoja tu nyuma ya Retief Waltman. Kisha akaenda kushiriki Mashindano ya Wazi ya Uingereza katika uwanja wa Royal Lytham & St Annes, akamaliza katika nafasi ya 13 sawa na wengine. Hayo ni moja ya mashindano manne makubwa zaidi ya gofu duniani, na mchezaji anayemaliza katika nafasi hiyo huhesabiwa kuwa miongoni mwa bora wa wakati wake.

Ushindi dhidi ya Gary Player

Mwaka 1965 Papwa alishinda Mashindano ya Wazi ya Natal kwa mara ya pili. Safari hii aliyeshindwa alikuwa Gary Player mwenyewe. Player hakuwa mzee wala mgonjwa. Alikuwa katika kilele cha uwezo wake, na mwaka huohuo alishinda Mashindano ya Wazi ya Marekani, akawa mchezaji wa tatu tu katika historia kukamilisha yale mashindano makubwa manne, baada ya Wamarekani Gene Sarazen na Ben Hogan.

Kwa watu wengi wasio Wazungu, hasa Wahindi wa Natal, ushindi huo ulikuwa sherehe. Makundi makubwa yalimfuata Papwa kutoka shimo hadi shimo kila alipocheza. Kwa serikali, jambo hilohilo lilikuwa tatizo. Msingi wa apartheid ulikuwa dai kwamba Mzungu ni bora na kwamba watu wa rangi tofauti hawawezi kushindana wala kukaa pamoja kwa amani. Hapa alikuwepo mtu ambaye hakusoma shule, aliyejifunza mchezo akiwa mbeba mifuko, akimshinda mchezaji bora wa Kizungu nchini mbele ya watazamaji waliochanganyika, wala hapakutokea vurugu.

Kufungiwa

Serikali ilijibu kwa karatasi. Mwaka 1965 lilitolewa tangazo lililopanua matumizi ya sheria ya maeneo hadi kwenye burudani na michezo, hivyo kwamba hata watazamaji wa rangi tofauti hawakuweza kuchanganyika uwanjani bila kibali. Papwa alianza kunyimwa vibali vya kucheza. Alizuiwa kushiriki mashindano makubwa ya nchi, na hata kuingia viwanjani kama mtazamaji. Kisha akanyang'anywa hati ya kusafiria, hivyo akakosa pia njia ya kucheza Ulaya.

Kwa mchezaji wa kulipwa, hatua hizo zilikuwa sawa na kumnyang'anya jembe mkulima. Mchezaji wa gofu ya kulipwa halipwi mshahara. Kipato chake ni zawadi za mashindano, na uwezo wake hutunzwa kwa kushindana na walio bora. Papwa alikuwa na mke na watoto wa kulisha. Alikuwa katika miaka ya thelathini ya umri wake, kipindi ambacho wachezaji wengi wa gofu huwa katika ubora wao, na alikipitisha akiwa amefungiwa nje.

Wapo waliomwona Papwa kama mwanasiasa. Hakuwa mwanasiasa, wala hakuongoza chama au maandamano. Alichotaka ni kucheza. Baadhi ya wanaharakati hata walimlaumu kwa kukubali vibali vya serikali, wakisema kwamba kucheza kwa masharti ya apartheid ni kuyakubali masharti hayo. Lawama hiyo inaonyesha ugumu wa hali yake. Akikubali kibali, aliambiwa anautukuza ubaguzi, na akikikataa alikosa chakula cha familia. Mwishowe serikali yenyewe ndiyo iliyomwondolea uchaguzi huo.

Mabadiliko yaliyomchelewa

Wakati Papwa amekaa nyumbani, ulimwengu ulizidi kuibana Afrika Kusini. Mwaliko wake wa kushiriki Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964 ulikuwa tayari umefutwa. Mwaka 1970 ilifukuzwa kabisa katika harakati ya Olimpiki, na haikurudi hadi Barcelona 1992. Nchi za Afrika zilikuwa mstari wa mbele katika msimamo huo. Mwaka 1976 nyingi kati yake, Kenya na Tanzania zikiwemo, zilisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imefanya ziara Afrika Kusini. Ndiyo sababu Filbert Bayi wa Tanzania, aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia ya mita 1500, hakukimbia Montreal.

Gary Player alikutana na maandamano ya kupinga apartheid alipocheza nje, kwa mfano katika mashindano ya Dayton, Marekani, mwaka 1969. Mwaka 1971 alimwalika Mmarekani mweusi Lee Elder kucheza Afrika Kusini, na Elder alikubali kwa sharti kwamba watazamaji wasitenganishwe kwa rangi. Serikali iliruhusu. Basi mgeni mweusi alipata ruhusa ambayo mwenyeji aliyekwisha kumshinda Player alikuwa ameinyimwa. Mwaka 1976 mchezaji mweusi wa Afrika Kusini, Vincent Tshabalala, alishinda Mashindano ya Wazi ya Ufaransa, akifuata njia ya Ulaya ambayo Papwa aliipita miaka 17 kabla.

Masharti yalipoanza kulegezwa kidogo kidogo katika miaka ya 1970, wakati wa Papwa ulikuwa umeshapita. Alifariki mwaka 1978 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa maskini na hajafika hata miaka 50. Hakuishi kuona mwisho wa apartheid, ambao ulikuja na uchaguzi wa mwaka 1994.

Kumbukumbu

Mjini Durban, kando ya mto Umgeni, katika eneo la Reservoir Hills, kuna kiwanja cha gofu cha manispaa kinachoitwa kwa jina la Papwa Sewgolum. Ni kiwanja cha umma, ambacho mtu yeyote hulipa ada na kucheza.

Maisha yake yameandikwa katika vitabu. Mwaka 2005 jaji Chris Nicholson wa Afrika Kusini alitoa kitabu kuhusu safari yake kutoka mtu aliyetengwa hadi kuwa mtu wa kuenziwa. Mwaka 2015 mwandishi Maxine Case alitoa kingine. Picha ya mwaka 1963 bado hutajwa kila inapoelezwa historia ya ubaguzi katika michezo.

Wanahistoria wa gofu hujiuliza Papwa angefika wapi kama angeruhusiwa kucheza miaka yake yote kama wenzake. Swali hilo halina jibu. Kilichobaki katika kumbukumbu za mchezo ni hesabu ya mikwaju yake: mara tatu Uholanzi, mara mbili Natal, na mkwaju mmoja uliomtenga na ubingwa wa nchi yake.

Mafanikio makuu

1959 – Mshindi, Mashindano ya Wazi ya Uholanzi
1960 – Mshindi, Mashindano ya Wazi ya Uholanzi
1963 – Mshindi, Mashindano ya Wazi ya Natal
1963 – Nafasi ya 2, Mashindano ya Wazi ya Afrika Kusini
1963 – Nafasi ya 13 (sawa na wengine), Mashindano ya Wazi ya Uingereza
1964 – Mshindi, Mashindano ya Wazi ya Uholanzi
1965 – Mshindi, Mashindano ya Wazi ya Natal